Barua za Sasa Zinalala Wapi? Historia Fupi ya Soga za Mtandaoni

Kuna kitabu ninachokirudia karibu kila mwaka, na wala si riwaya. Ni Barua za Shaaban Robert, zile alizomwandikia ndugu yake mdogo, Yusuf Ulenge, kuanzia 1931 hadi 1958. Shaaban alifariki 1962. Kitabu kilitoka 2002. Hesabu mwenyewe hapo katikati: miaka arobaini barua zimekaa, zinasubiri. Karatasi ina subira, bora tu apatikane mtu wa kuzitunza.

Sasa nikupe kisa cha kwetu. Tuko watu kumi na mmoja, tuna kikundi cha kusoma vitabu vya Kiswahili, na kama vikundi vyote siku hizi, kinaishi kwenye simu. Tumebishana humo juu ya Nagona ya Kezilahabi mpaka watu wawili wakanuniana. Kuna dada mmoja tuliyezoea kumwita Karani, maana yeye hakufuta kitu tangu siku ya kwanza. Wengine tulikuwa tunafuta kila simu inapojaa. Siku moja simu ya Karani ikadumbukia kwenye ndoo ya maji. Nakala ya akiba hakuwa ameweka. Miaka mitatu ya maneno, kwisha. Hakuna wa kulaumiwa, uzembe ni wetu wote.

Ila nilibaki na swali. Kama leo yupo Shaaban mwingine anayemwandikia mdogo wake, anamwandikia kwa simu. Barua hizo zinalala wapi? Na ufunguo wa nyumba zinamolala anao nani? Nilipoanza kufuatilia nikakuta kuna watu wamehangaika na swali hili kwa zaidi ya miaka thelathini. Si waandishi wala wakutubi, ni watengeneza programu. Historia yao inatuhusu sisi watu wa vitabu kuliko tunavyodhani.

Herufi moja moja

Tuanzie 1973, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Pale kulikuwa na mfumo wa kompyuta ulioitwa PLATO, uliotengenezwa kwa ajili ya kufundishia. Doug Brown na David Woolley wakaweka ndani yake programu iliyoitwa Talkomatic. Skrini iligawanywa vipande, watu hadi watano wakakaa pamoja, na kila herufi uliyobonyeza wenzako waliiona hapo hapo. Ukikosea, wanaona. Ukifuta neno kwa aibu, wanakuona unavyofuta. Hebu fikiria leo watu wangekuwa wanaona yale tunayoandika kisha tukayafuta kabla ya kutuma! Urafiki ngapi zingebaki?

Lakini Talkomatic ilikuwa ndani ya mfumo mmoja. Nje ya PLATO haikuwepo. Mlango wa kweli ulifunguliwa Agosti 1988, mjini Oulu, kaskazini mwa Finland. Mwanafunzi mmoja, Jarkko Oikarinen, alikuwa anasimamia kompyuta ya idara chuoni kwake, na kazi yenyewe haikumjazia siku. Katika muda uliobaki akaandika programu ya watu wengi kuzungumza pamoja. Ndiyo IRC. Msimbo wake akawapa marafiki wa vyuo vingine, nao wakaweka seva zao, na seva hizo zikaunganishwa. Hapa ndipo kuna jambo la kushika: hapakuwa na nyumba moja yenye mwenye nyumba mmoja. Ilikuwa mtaa. Kila chuo kina kibaraza chake, na sauti inapita toka kibaraza hadi kibaraza.

Mtaa bila mwenyekiti una matatizo yake. Mwaka 1990 seva moja ya Berkeley, iliyoitwa eris, ilikuwa inaruhusu yeyote ajiunganishe bila kuuliza. Wengine wakachoka na fujo, wakajitenga, wakauita mtandao wao EFnet, maana yake mtandao usio na eris. Ugomvi wa nani aingie na nani atoke ulianza hapo na haujaisha hadi leo. Muulize admini wa kikundi chochote cha harusi.

Halafu ikaja Agosti 1991. Moscow kulikuwa na jaribio la mapinduzi, vyombo vya habari vikabanwa, na watu wakawa wanapashana habari kupitia IRC kile wanachokiona na kukisikia. Kuna waliohifadhi mazungumzo yale. Leo yanasomeka. Ni maandishi ya watu wa kawaida, yamejaa makosa ya chapa, hofu na utani, na ni chanzo cha historia sawa na barua yoyote. Yalibaki kwa sababu moja ya kiufundi, ndogo kabisa: programu zilikuwa wazi, na mtu yeyote aliyekuwa chumbani angeweza kuweka nakala kwenye diski yake mwenyewe.

Kila mtu na ua wake

Miaka ya tisini mwishoni kampuni ziliamka. ICQ ilitoka 1996, AIM ikafuata 1997, MSN Messenger 1999. Nzuri, rahisi, bure. Lakini kila moja ilijenga ua. Wa huku hawezi kumsalimia wa kule. Ni kama barua ya Tanga isifike Mombasa kwa kuwa posta ni mbili na wakubwa wao hawaongei.

Kijana wa Iowa, Jeremie Miller, aliliona hilo. Mwaka 1998 akaanza kuandika programu aliyoiita Jabber, na Januari 1999 akaitangaza kwa dunia. Wazo lake lilikuwa soga ifanye kazi kama baruapepe: kila mwenye seva awe na seva yake, na zote ziweze kupelekeana ujumbe. Mwaka 2004 lugha ambayo seva hizo zilitumia kuzungumza ilikubaliwa rasmi kama kanuni ya intaneti, kwa jina la XMPP. Kabla ya hapo, 2002, Alexey Shchepin alikuwa ameanza kuandika seva yake ya lugha hiyo, ejabberd, nayo huria.

Kisha kikatokea kitu ambacho wengi wetu hatukijui. WhatsApp ilipoanza 2009, ilianza juu ya ejabberd, ikaibadilisha na kuirekebisha mpaka ikawa kitu chao. Kwa hiyo kikundi chako cha ukoo, kile cha misiba na michango, mizizi yake imo kwenye kazi ya watu waliotoa jasho bure ili kila mtu awe na kibaraza chake. Mzizi ni wa wote, mti umezungushiwa ua. Hakuna aliyevunja sheria, leseni zilikuwa zinaruhusu. Google nao waliingia, Google Talk ikatoka 2005 ikitumia XMPP, na 2006 wakafungua mlango seva za nje ziongee na yao. Mwaka 2013 wakaleta Hangouts, na mlango ule ukafungwa.

Dirisha la posta

Sasa tuje kwenye kivinjari, maana hapa pana ufundi unaostahili kusimuliwa.

Wale waliokuwa wanalipa kwa nusu saa kwenye intaneti kafe wanakumbuka. Kompyuta si yako, huruhusiwi kuweka programu, na kijana wa kaunta anakuangalia. Ulichonacho ni kivinjari tu. Soga ikiwa inahitaji programu, umekwama. Ndiyo maana Meebo ilipotoka 2005 ilikuwa kama muujiza: unafungua ukurasa, unaingia AIM, Yahoo, na MSN humo humo. Lakini Meebo haikuwa huria. Google waliinunua 2012, na Julai mwaka huo huo soga ile ikazimwa. Waliokuwa wameweka mazungumzo yao mle walipewa muda mfupi wa kuyachukua.

Kwa nini soga kwenye kivinjari ilikuwa ngumu hivyo? Kwa sababu wavuti haukuundwa kwa mazungumzo. Uliundwa kwa maswali. Kivinjari kinauliza, seva inajibu, wanaagana. Seva haina ruhusa ya kuanza kuongea. Sasa rafiki yako akikuandikia, seva itakuambiaje, na wewe hujauliza?

Njia ya kwanza ilikuwa kuuliza kila mara. Ni kama mtu anayekwenda dirishani posta: Kuna barua yangu? Hakuna. Anatoka, anazunguka jengo, anarudi. Kuna barua yangu? Hakuna. Karani anachoka, mteja anachoka, na foleni inajaa watu wasio na barua.

Njia ya pili ni ya werevu. Mteja anauliza, na karani hajibu. Anamwambia akae kwenye benchi. Barua ikija, ndipo anamjibu lile swali la kwanza, kana kwamba ameulizwa sasa hivi. Mteja akishapokea, anauliza tena na kurudi kwenye benchi. Kwa macho ya wavuti hakuna kanuni iliyovunjwa, ni jibu lililochelewa tu. Kwa macho ya mtumiaji, ujumbe unaingia papo hapo. Mwaka 2006 mtengeneza programu Alex Russell aliyapa mambo ya namna hii jina moja, Comet. Kazi yake ngumu iko upande wa karani: benchi lazima likalishe maelfu ya watu wasiofanya chochote ila kusubiri, bila seva kuishiwa pumzi. Desemba 2011 ikaja njia ya tatu, WebSocket, ambayo ni kama laini ya simu iliyoachwa wazi, upande wowote unaongea unapotaka.

Mada, kama barua

Kwa kweli, programu iliyonigusa zaidi katika kusoma kwangu ni Zulip, na sababu ni ya kifasihi kabisa.

Miaka ya themanini chuo cha MIT kilikuwa na mfumo wa ujumbe ulioitwa Zephyr. Kila ujumbe ulibeba vitu viwili: kundi unalolitumia, na jambo lenyewe linalozungumzwa. Wahitimu kadhaa wa MIT, miongoni mwao Tim Abbott na Jessica McKellar, waliukumbuka ule utaratibu, na 2012 wakaanza kuunda soga ya kivinjari juu ya wazo hilo. Ukituma ujumbe unauwekea mada, kama kichwa cha barua ya kikazi. Ukirudi baada ya siku tatu hukuti mafuriko ya ujumbe mia nne, unakuta mada tisa. Unasoma unayoitaka, unajibu hata kama ni ya wiki jana, na hakuna anayekuambia umechelewa.

Wewe uliye kwenye kikundi cha vitabu unajua thamani ya hilo. Kule kwenye simu, mtu anaandika aya nzuri kuhusu msimulizi wa riwaya, kabla hujajibu zimeingia salamu za asubuhi, picha ya maua, na tangazo la kiwanja. Aya imezikwa.

Mwaka 2014, kabla Zulip haijafunguliwa kwa umma, Dropbox waliinunua. Waliokuwa wanaitumia kwa majaribio waliachwa waendelee, lakini wapya hawakupokelewa. Hadithi nyingi huishia hapo. Hii haikuishia hapo, kwa sababu Septemba 2015 Dropbox walikubali kuitoa kama programu huria, msimbo wote, kwa leseni ya Apache. Mwaka uliofuata Abbott akaunda kampuni ndogo ya kuiendeleza. Tangu hapo zaidi ya watu 1,000 wamechangia msimbo, wengi wao wanafunzi. Wanahisabati wanaotumia Lean, programu ya kuhakiki uthibitisho, wamehamia humo, na mijadala yao mingi iko wazi kwa yeyote kuisoma.

Mwaka ule ule wa 2015 zilitoka mbili nyingine. Rocket.Chat ilitoka Porto Alegre, Brazil, kwa Gabriel Engel na wenzake. Mattermost ilitoka kwa Ian Tien na kampuni yake ya michezo ya kompyuta, ambao huduma ya soga waliyoitegemea ilinunuliwa na wengine, ikazorota, na walipotaka kuhama wakaona mazungumzo yao ya miaka hayatoki. Wakaamua kujenga ya kwao. Nilicheka niliposoma, kisha nikamkumbuka Karani na ndoo yake.

Kuendesha ni kazi nyingine

Nami nikaingia mkenge. Nikakodi seva ndogo, nikaweka Zulip, nikawaalika wenzangu kumi kwa maneno matamu. Ndani ya mashine ile kuna hifadhidata inayotunza ujumbe, kuna foleni ya kazi zinazosubiri, na kuna yule karani wa benchi anayewashikilia wasubiriji. Kuisimika ilinichukua jioni moja. Nikajiona fundi.

Kusimika si kuendesha, jamani. Mwezi wa nne diski ilijaa usiku, maana watu hupiga picha kurasa nzima za vitabu, na asubuhi soga ilikuwa imekufa. Cheti cha usalama kilikwisha muda nikiwa safarini. Masasisho yasipowekwa, unaacha dirisha wazi kwa wezi. Nakala ya akiba niliyoisifia, nilipoijaribu kuirejesha, ilikuwa haina picha hata moja. Na watu wenyewe, watano walihama, sita walibaki kwenye simu. Mama mmoja aliniambia bila kuficha: "Mwanangu, bando langu ni la WhatsApp. Hiyo ya kwako itanila hela." Nilikosa jibu, na mpaka leo sina. Wenye kampuni wanaajiri watu wa kukesha. Mimi ndiye wa kukesha, na mimi nina kazi ya kunilisha.

Kwa hiyo msimbo huria peke yake hautoshi. Ushahidi mkubwa ni freenode. Huu ulikuwa mtandao wa IRC ambao miradi mingi ya programu huria iliutumia kwa miaka mingi kama sebule yake. Muasisi wake, Rob Levin, alifariki Septemba 2006 baada ya kugongwa na gari akiwa kwenye baiskeli, na watu wa kujitolea wakaendelea kuutunza. Mwaka 2017 kampuni iliyobeba jina la mtandao ikapita mikononi mwa mfanyabiashara. Miaka minne baadaye ukazuka mzozo: yeye anasema mtandao ni mali yake, watunzaji wanasema kilichouzwa si mtandao. Tarehe 19 Mei 2021 watunzaji wakajiuzulu kwa pamoja na siku hiyo hiyo wakafungua mtandao mpya, Libera.Chat, chini ya chama kisicho cha biashara kilichoandikishwa Sweden. Wiki iliyofuata, mamia ya vyumba vya freenode vilivyotaja jina la Libera kwenye tangazo la mlangoni vilitwaliwa. Mwezi Juni freenode ikahamia kwenye programu nyingine, na usajili wa zamani wa majina na vyumba ukapotea.

Kila kitu pale kilikuwa wazi: itifaki wazi, msimbo wazi. Ambacho hakikuandikwa vizuri ni nani mwenye ufunguo siku wazee wa mtaa wakigombana. Lakini tazama pia upande wa pili. Ubuntu, Gentoo, na vikundi vya Wikimedia vilihama ndani ya siku chache, kwa programu zile zile, bila kujifunza kitu kipya. Walibadilisha anwani tu. Kwenye nyumba yenye ua, kuhama kama huko hakuwezekani. Unaondoka na nguo uliyovaa.

Tulipofikia sisi

Mwishowe kikundi chetu kilikaa kikao, kikao cha kweli, cha chai na vitumbua. Salamu na matangazo yabaki kwenye simu. Mijadala ya vitabu iende kwenye seva, kila kitabu na mada yake. Gharama ya seva tunachangia, na manenosiri yake wanayo watu watatu, si mimi peke yangu. Kila mwisho wa mwezi nakala inatolewa na kuwekwa sehemu mbili, na Karani ndiye anayejaribu kuirejesha kuona kama inafunguka. Alisema hataki tena kusikia habari ya ndoo.

Kulikuwa na swali moja ambalo hakuna programu iliyotusaidia. Bwana mmoja aliuliza: "Haya maneno mnayoyatunza, mimi nilikubali lini yatunzwe?" Kikao kilinyamaza. Tukakubaliana kwamba kila mtu anaweza kuondoa yake kabla ya nakala kutolewa, na kwamba hakuna kitakachochapishwa bila mwenyewe kuridhia. Aliondoa ujumbe wake saba. Hatukumuuliza ni upi.

Nikirudi nyumbani usiku ule nilimfikiria Yusuf Ulenge. Watu tunamsifu Shaaban kwa kuandika, na ni haki yake. Lakini kuna aliyepokea barua ya 1931, akaisoma, akaikunja, akaiweka mahali. Akafanya hivyo na iliyofuata, kwa miaka ishirini na saba. Wiki hii nimeangalia seva yetu: nafasi kwenye diski ipo ya kutosha, na mjadala wa Nagona umeanza upya, kutoka ukurasa wa kwanza.